Kusoma Picha kwa Brashi: Kutoka Ziwa Lucerne hadi Musira

Hotuba kwa walimu na vijana wa sanaa, Bukoba

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja, na ninyi vijana mliokaa mbele na brashi zenu: wakubwa shikamooni, vijana habari zenu.

Nimeombwa nizungumzie uchoraji wa mandhari ya ziwa kwa rangi za maji. Nimekuja na picha moja tu, hiyo iliyobandikwa ubaoni. Picha yenyewe ina upana wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 29.7, kwa hiyo nakala mnayoiona, iliyochapwa kwenye karatasi ya A3, inakaribiana sana na ukubwa wake halisi. Ilichorwa mwaka 1842 na Mwingereza J.M.W. Turner, na inaitwa The Blue Rigi. Ni mlima Rigi wa Uswisi, ng'ambo ya Ziwa Lucerne, alfajiri, jua likiwa bado limefichwa nyuma ya mlima. Leo mtaitazama, mtaichambua, kisha mtakaa mezani muinakili. Nasema muinakili na nina maana hiyo hasa: mkono wenu ufuate mkono wake hatua kwa hatua, mpaka mjue kilichotangulia na kilichofuata.

Najua neno hilo linawakera baadhi yenu. Wapo walimu ambao wakimkuta mtoto ananakili picha ya mtu wanamnyang'anya karatasi na kumwambia achore cha kwake. Methali ya anayemwiga tembo wote tunaijua, na tunaitumia bila huruma. Wapo pia wa upande wa pili, wanaowapa watoto kalenda ya zamani yenye mlima wa theluji, mtoto akimaliza anapigiwa makofi, na hakuna anayemuuliza amejifunza nini. Mambo yote mawili yananiuma. Mtoto wa kwanza amezuiwa kukaa na fundi aliyemtangulia. Wa pili ameketishwa naye siku nzima bila kufundishwa kuuliza swali hata moja.

Sikilizeni Turner mwenyewe alivyoanza. Katika miaka ya 1790 jijini London alikuwapo daktari wa magonjwa ya akili, Thomas Monro, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa picha. Nyumba yake ilikuwa Adelphi Terrace, karibu na mto Thames. Jioni aliwapokea vijana wachoraji, wakafanya kazi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne usiku. Wawili kati yao walikuwa Thomas Girtin na huyu Turner, wote wazaliwa wa mwaka 1775. Kazi yao ilikuwa kunakili. Girtin alichora mistari, Turner akapaka mipako ya rangi juu yake, na malipo ya Turner yalikuwa shilingi tatu na peni sita kwa usiku mmoja. Habari hizo walizisimulia wenyewe kwa mchoraji mwenzao, Joseph Farington, naye akaziandika katika shajara yake mwaka 1798.

Picha walizonakili kwa wingi zilikuwa za John Robert Cozens, mtu aliyesafiri Uswisi na Italia akichora milima na maziwa kwa rangi za maji, rangi chache mno, kijivu na bluu na kijani kilichofifia. Wakati vijana hao wananakili, Cozens mwenyewe alikuwa ameugua akili na yuko chini ya uangalizi wa Dk. Monro. Alifariki mwaka 1797. Huwa nalifikiria jambo hilo kwa uchungu, kwamba mwalimu alikuwa hajiwezi tena, na kazi zake zikaendelea kufundisha kwenye meza ya daktari wake.

Turner wakati huo hakuwa amewahi kuvuka bahari. Uswisi aliiona kwa macho yake kwa mara ya kwanza mwaka 1802. Kwa hiyo kabla ya kusimama kando ya ziwa lolote la Alps, mkono wake ulikuwa tayari umepita juu ya maji yale na milima ile kupitia kazi ya Cozens, usiku baada ya usiku, kwa ujira. Alipokuja kuchora Rigi alikuwa na miaka sitini na saba hivi. Hakuna anayeweza kumwita Turner mwigaji. Lakini mtu aliyejaza rangi za Cozens kwa miaka mitatu hivi alikuwa ameshajua mapema kwamba mlima wa mbali haupakwi rangi nzito, na kwamba anga na maji ni kazi moja.

Sasa kwa nini nimeileta picha hii Bukoba, na si nyingine? Fungueni ramani. Mji wa Lucerne uko upande wa magharibi wa ziwa lake, na Rigi uko mashariki. Turner alifikia hoteli iliyotazama maji, na kila alfajiri mlima ulikuwa mbele yake ukiwa na mwanga nyuma yake. Bukoba nayo iko mwambao wa magharibi wa Ziwa Victoria, na kisiwa cha Musira kiko mbele yetu, mashariki. Mchoraji wa Kisumu hulipata ziwa lake likiwaka jioni. Sisi tunalipata asubuhi, kama Turner alivyolipata la kwake. Swali alilokuwa nalo ndilo hilo hilo mnalokutana nalo mkisimama pale ufukweni: namna gani uchore kitu kikubwa chenye giza kilichosimama mbele ya mwanga, bila kukifanya kiwe doa jeusi?

Kabla ya brashi, macho. Wanafunzi wengi wakipewa picha ya kunakili huanza kona ya juu kushoto na kushuka, kipande kwa kipande, mpaka wafike chini. Mtu anayefanya hivyo anaweza kupata nakala inayofanana, na asijue chochote kuhusu jinsi picha ilivyojengwa. Ni kama mpishi anayeonja mchuzi wa mwenzake: kazi yake ni kutambua ni kipi kilitangulia kuingia sufuriani, kwa sababu vitunguu vilivyowekwa mwisho si mchuzi ule ule. Rangi ya maji ina sheria hiyo kuliko rangi nyingine zote. Mchoraji wa rangi ya mafuta akikosea anaweza kupaka nyeupe juu ya nyeusi. Sisi hatuna nyeupe. Mwanga wetu ni karatasi yenyewe, na mahali ulipopaka ukafunika, mwanga umeondoka.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya picha hii ni hili: karatasi iko wapi? Tazameni lile eneo la manjano hafifu karibu na mlima, pale jua linapokaribia kutokea, na mng'ao wake majini. Hapo Turner hakuongeza mwanga. Alipaka mpako mmoja mwepesi sana wa manjano, akapaacha. Kila kitu kingine kwenye picha kimepangwa ili pale pabaki pasafi. Ukitaka kuinakili lazima ulijue jambo hilo kabla hujalowesha brashi, maana ukishapitisha bluu pale, umekwisha.

Swali la pili: kipi ni kizito kuliko vyote, na kipi ni chepesi kuliko vyote? Finyeni macho mpaka mambo madogo yapotee. Mtaona picha imebaki na sehemu tatu tu: anga nyepesi, mlima wa wastani, na vitu vizito vya mbele, mitumbwi na vivuli vyake. Mlima, pamoja na ukubwa wake wote, si mzito kama mnavyodhani. Wanafunzi karibu wote hukoleza mlima kupita kiasi, kwa sababu akili inawaambia mlima ni mkubwa na uko mbele ya jua, basi ni mweusi. Lakini kati ya jicho na mlima kuna kilomita nyingi za hewa yenye unyevu, na hewa hiyo inatawanya mwanga, hasa mwanga wa bluu. Ndiyo maana mlima ule ni wa bluu, wala hauna miti wala mawe. Turner aliichora hewa iliyokuwa mbele ya mlima. Naomba mlishike hilo, kwa sababu Musira alfajiri ina hali hiyo hiyo, ingawa ni karibu zaidi.

Chukueni penseli, chora mstatili mdogo kama nusu ya kiganja, mjaze sehemu hizo tatu kwa ukolezo wa aina tatu, basi. Hakuna mtumbwi, hakuna ndege. Mkiwa nacho kile kikaratasi mtakuwa mmeishika mifupa ya picha.

Turner naye alipitia njia kama hiyo, na kwa bahati njema ushahidi upo. Kiangazi cha mwaka 1841 alikuwa Lucerne, akijaza madaftari kwa penseli na mipako ya haraka. Kisha akaandaa sampuli 15 za rangi za maji na kumkabidhi wakala wake, Thomas Griffith, awaonyeshe wateja. Mteja akichagua sampuli, Turner anakaa London anachora picha kamili. The Blue Rigi ilinunuliwa na Elhanan Bicknell, mfanyabiashara wa mafuta ya nyangumi. Sampuli yake ipo katika jumba la sanaa la Tate jijini London pamoja na picha kamili, na ukiziweka bega kwa bega unaona shule nzima. Katika sampuli yapo maumbo makubwa tu: anga, mlima, maji, mipako michache iliyoachwa ichanganyike. Karibu kila kitu kidogo kimeachwa nje.

Ushauri wangu kwa walimu unatoka hapo. Msianze na picha kamili. Anzeni na sampuli. Mwanafunzi anakili kwanza ile ya haraka, kwenye karatasi ndogo, bila kurudiarudia. Akishaipata, ndipo aruhusiwe kugusa picha iliyokamilika. Tunawavunja moyo watoto tunapowaonyesha mwisho wa kazi na kuwaambia waanzie hapo.

Tuje kwenye vifaa, kwa ufupi. Karatasi ya manila inafaa kwa penseli na kwa mabango. Kwa mpako wa maji haifai: inajikunja, inanywa rangi, na ukisugua mara mbili inatoa manyoya. Tafuteni karatasi nene ya rangi za maji, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Najua bei yake. Lakini karatasi kubwa ya sentimita 56 kwa 76 mkiikata inatoa vipande vinane vya sentimita 28 kwa 19, na kipande kimoja kinamtosha mwanafunzi kujifunza mengi kuliko kurasa ishirini za daftari. Tepu ya karatasi ya kubania pembe, brashi moja kubwa bapa, moja ya duara yenye ncha nzuri, vikombe viwili vya maji, kitambaa cha zamani cha pamba. Rangi tatu: bluu ya ultramarini, manjano ya udongo, na nyekundu ya waridi. Msihangaike kutafuta rangi zile zile za Turner. Tunanakili mpangilio wa kazi yake na uwiano wa mwanga wake, na hivyo vinapatikana kwa rangi tatu.

Nitaeleza sasa namna ya kuupaka mlima, kwa urefu, kwa sababu hapo ndipo kuna kazi.

Lowesheni karatasi yote kwa brashi bapa na maji safi, kisha ngojeni mpaka maji yasiwe yanatiririka, uso uwe unang'aa tu. Andaeni manjano nyepesi kabisa yenye waridi kidogo. Pitisheni kwenye sehemu ya mwanga, angani na majini kwa mkupuo mmoja, ili sehemu hizo mbili ziwe za ukoo mmoja tangu mwanzo. Karatasi ikiwa bado mbichi, leteni bluu nyepesi kutoka juu ya anga, mkiipunguza kadiri mnavyoikaribia manjano. Msizilazimishe zikutane. Inamisheni ubao, maji yatazikutanisha yenyewe. Halafu wekeni brashi chini.

Kungoja ndiyo hatua ngumu kuliko zote. Bukoba yetu hewa ina unyevu, mvua haiko mbali, na karatasi hapa inachelewa kukauka. Msiguse kwa kidole, kidole kina mafuta. Sogezeni mgongo wa mkono karibu na karatasi: mkisikia ubaridi, ndani bado kuna maji. Ukipaka mlima wakati huo, brashi yako iliyojaa itasukuma chembe za rangi ya kwanza pembeni, na utabaki na doa lenye kingo za kukunjamana ambalo halifutiki. Chembe hizo zimeshikwa na gundi tu, gundi inayogemwa kwenye miti ya jamii ya mgunga, na gundi hiyo ikipata maji inalegea tena. Ndiyo sababu rangi ya maji inaweza kuinuliwa kwa kitambaa, na ndiyo sababu pia inaharibika haraka mikononi mwa mtu mwenye haraka.

Karatasi ikishakauka, chora ukingo wa mlima kwa ncha ya brashi, kwa bluu yenye waridi kidogo, na mara moja, kabla ukingo haujakauka, shusha rangi kwa maji safi kuelekea chini. Kileleni umbo liwe wazi. Kadiri mnavyoteremka kuelekea ziwani, liyeyuke. Tazameni ubaoni: chini kabisa mlima unapotea ndani ya ukungu, hamwezi kusema mlima umeishia wapi na maji yameanzia wapi. Wengi tunachora mstari hapo, kwa sababu tunajua upo. Turner hakuuona, na hakuuchora.

Acheni ikauke. Rangi ya maji ikikauka hupauka, kwa hiyo mlima utaonekana dhaifu. Pakeni tena mpako mwingine mwepesi, sehemu tu ya mlima. Acheni ikauke. Ikibidi, wa tatu. Bluu iliyojengwa kwa mipako mitatu myepesi inapitisha mwanga hadi kwenye karatasi na kuurudisha, nayo inaonekana iko mbali. Bluu iliyopakwa mara moja kwa uzito inaganda juu ya karatasi na kuusogeza mlima mbele, mpaka unaelekea kumwangukia mvuvi. Katika picha kamili Turner aliendelea zaidi, akajenga kwa viboko vidogo vidogo vya brashi nyembamba, kimoja kando ya kingine, mpaka uso wote ukatetemeka kwa mwanga. Msimfuate huko bado. Hiyo ni kazi ya mtu aliyeshika brashi kwa miaka hamsini, na mwanafunzi akianza na viboko vidogo anasahau mlima.

Majini nawaomba mkumbuke kanuni moja. Kitu chenye giza kikijirudia majini huonekana chepesi kidogo kuliko chenyewe, na kitu chenye mwanga huonekana kizito kidogo. Kwa hiyo mlima majini uwe mwepesi zaidi, na mng'ao wa jua majini uwe mzito zaidi kuliko ule wa angani. Viwimbi vinaivuta taswira hiyo ije kwako, inakuwa ndefu na kuvunjikavunjika. Pakeni kwa brashi bapa, mikwaruzo ya mlalo, michache. Ziwa likipakwa sana linageuka ukuta.

Kisha ile nyota. Juu pale angani ipo nuru ndogo sana, ni sayari ya Zuhura, nyota ya alfajiri. Sisi hatuna rangi nyeupe, nimesema. Turner alifanyaje? Alisubiri mpaka kila kitu kimekauka, halafu akakwangua rangi mpaka karatasi ikatokea. Inasemekana aliuacha ukucha wa dole gumba ukue mrefu kwa ajili ya kazi hiyo. Karatasi ya zama zake ilitengenezwa kwa matambara na kutiwa gelatini, ilikuwa ngumu, ilistahimili kukwanguliwa. Sisi tutatumia ncha ya wembe, nami nitapita meza kwa meza kuwashikia mkono wale wadogo. Ni mguso mmoja tu, baada ya saa nyingi za kazi, na ukiukosea umetoboa karatasi. Ndipo mtakapoelewa ujasiri wa mtu yule. Huwezi kuuelewa kwa kutazama. Lazima uwe na wembe mkononi na picha yako uliyoihangaikia iwe chini yake.

Yapo mambo ambayo sitaki mnakili. Chini, mbele ya picha, kuna bata walioshtuka na mbwa wanaowarukia majini. Ni sehemu nzuri, inaingiza kelele kwenye asubuhi ile tulivu. Lakini nimeona wanafunzi wakimaliza muda wote kwenye miguu ya mbwa. Waacheni. Jambo la pili ni rangi za nakala hii yenyewe. Mashine ya kuchapa ina bluu yake, simu ina bluu yake, na picha ile ile kwenye simu mbili inakuwa picha mbili. Msiapie rangi ya uchapishaji. Uwiano kati ya kizito na chepesi ndio unaosalimika zaidi, na huo ndio mnakili. Wachache wetu watabahatika kuiona picha yenyewe. Na hata walio London hawaioni kila siku, kwa sababu rangi za maji hufifia zikikaa kwenye mwanga, hivyo hutunzwa gizani na kutolewa mara chache.

Thamani yake nayo niiseme, maana wazazi wataniuliza kama kazi hii ina maana yoyote duniani. Mwaka 2006 The Blue Rigi iliuzwa kwa mnada Christie's, London, kwa zaidi ya pauni milioni 5.8, kisha serikali ikazuia kwa muda isitoke nchini. Tate ikachangisha fedha, na wananchi wa kawaida wakaalikwa kununua mguso mmoja wa brashi kwa pauni tano. Maelfu walijitokeza, na mwaka 2007 picha ikabaki kwa umma kwa pauni milioni 4.95. Mimi hapo sivutiwi na mamilioni. Navutiwa na kwamba mtu alitoa fedha kwa ajili ya mguso mmoja. Maana yake aliamini kwamba picha hii imejengwa na miguso inayohesabika, kila mmoja umewekwa na mtu kwa makusudi. Ndicho ninachotaka mkione leo.

Baada ya nakala, ziwa lenu. Hapa lazima niwatahadharishe kuhusu tofauti moja kubwa. Lucerne iko mbali kaskazini, nyuzi 47 kutoka ikweta. Jua huko linapanda kwa mshazari na alfajiri inachelewa kuisha. Bukoba iko chini kidogo tu ya ikweta. Jua letu linachomoza kwa kupanda wima, karibu na saa moja asubuhi, na kutoka mwanga wa kwanza unaokuwezesha kuona karatasi hadi jua kutokeza ni kama dakika 20 hivi. Hamtawahi kukaa ufukweni mkapaka mipako mitatu na kungoja ikauke huku Musira ikiwa bado ya bluu. Itakuwa imeshageuka kijani na kahawia, na miamba yake inaonekana mmoja mmoja. Kwa hiyo mtafanya alivyofanya Turner, kuandika kwa penseli ufukweni na kupaka nyumbani. Na mtaweza kupaka nyumbani kwa sababu mkono wenu utakuwa umeshaujua mpangilio kutoka kwenye nakala: mwanga kwanza, kungoja, umbo kubwa, kungoja, kisha vizito vya mbele.

Musira pia si Rigi kwa umbo. Rigi unapanda karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na kuijaza picha. Musira imelala, ni utepe mrefu juu ya maji. Mkiichukua picha ya Turner na kubandika Musira mahali pa mlima mtapata kitu kisicho na uhai, anga tupu juu na maji matupu chini. Itabidi muamue wenyewe. Pengine mtashusha mstari wa maji na kuipa anga nafasi, hasa siku za mawingu makubwa ya ziwani. Pengine mtaleta mtumbwi mbele, ule wa mbao wenye taa za dagaa, urudi kutoka usiku. Na kulingana na miezi, jua litatoka nyuma ya kisiwa au pembeni yake, na picha nzima itabadilika. Hapo Turner hana jibu la kuwapa. Nakala imewafikisha, na kuanzia hapo ni macho yenu.

La mwisho ni uaminifu. Turner alifariki mwaka 1851, na kazi zake hazina tena haki miliki ya kumzuia mtu kuzinakili. Hata hivyo kila nakala itakayotoka humu iandikwe nyuma, kwa penseli: imenakiliwa kutoka kwa J.M.W. Turner, 1842, halafu jina lako na tarehe. Asiwepo wa kuipeleka sokoni kama yake. Walimu, msiipe nakala maksi za ubunifu, na msiinyime maksi za kazi. Muulizeni mwanafunzi maswali matatu tu akiwa ameishika: karatasi umeiacha wapi, mpako gani ulitangulia, na wapi ulingoja. Akijibu bila kubabaika, amejifunza, hata kama mlima wake umepinda.

Kesho tunakutana ufukweni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mje na penseli, vikaratasi vidogo na sweta, rangi mziache nyumbani. Kwa sasa vijana sogezeni viti mezani, wale wa nyuma mchukue maji kwenye ndoo pale mlangoni, vikombe viwili kila mmoja. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.